Tusitoneshe Kidonda



Lugha yetu ina kitenzi cha kuogopwa: kutonesha. Mtoneshaji hakukifanya kidonda. Amekigusa vibaya kabla hakijapona, kikatoka damu upya.

Kodi za nyumba zilikuwa kidonda cha Kibera kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2001 Rais Moi alitamka hadharani kwamba zimezidi, zipunguzwe. Kilio cha wapangaji kilikuwa cha haki. Lakini tamko lilitangulia mapatano. Wapangaji wakakataa kulipa, wenye nyumba wakataka kuwafukuza, na ugomvi wa kodi ukavikwa nguo za ukabila. Watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Kawangware nako, baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, kidonda hicho cha ukabila kilitoneshwa tena: majirani wakashambuliana, mali ikateketea.

Twadai mageuzi, wala hatutanyamaza. Ila kila apandaye jukwaani, awe wa serikali au wa upinzani, twamtaka jambo moja: akitangaza dawa, ataje pia nani ataitia, lini, na kwa mapatano ya nani. Asipotaja, anatonesha.