Bunduki Mpya ya Kulinda Shamba: Maneno kwa Wenye Mashamba wa Kasongo na Kabambare



Leo sitasema habari za mbegu. Nitasema habari za bunduki, kwa sababu sisi sote tunajua ni nani anayekula mpunga wetu. Nguruwe wa porini wakiingia usiku mmoja, kazi ya miezi imekwisha. Mchana ni tumbili, na simbiliki hukata mahindi chini kama kwa kisu. Tena wanaume wengi wamekwenda kwenye dhahabu upande wa Salamabila na Namoya, hata zamu ya kulinda imekosa watu. Basi mtu akipata fedha, anapata ruhusa, ananunua bunduki ya kalibre 12 ya mtutu mmoja, anaileta nyumbani, na usiku ule ule anakwenda nayo shambani. Hapo ndipo ubaya unapoanza.

Mimi nimeona kwa macho yangu mtutu uliopasuka. Ulifunguka kama ganda la ndizi, karibu na mkono wa kushoto. Mwenyewe hakufa, lakini vidole vitatu vilikwenda, na tangu siku ile mke wake alishika jembe kwa ajili ya wawili. Bunduki ilikuwa mpya. Ilikaa ukutani wiki tatu ikingoja risasi, na ndani ya mtutu nyigu wakajenga nyumba yao ya udongo. Kutazama ndani ya mtutu ule kungechukua muda wa kuwasha sigara.

Wengine husema, “Babu yangu alikuwa mwindaji, najua bunduki.” Ni kweli, babu alijua bunduki yake. Mwaka 1890 mataifa yalifanya mapatano kule Brussels, yakazuia kuleta katika nchi zetu bunduki za kupakiwa nyuma. Ya kuuzia watu ilikuwa gumegume. Babu alimimina baruti nyeusi kwa mkono, akashindilia kwa mdeki, na kipimo kilikuwa kichwani mwake. Bunduki ya leo kipimo chake kimeandikwa katika chuma. Asiyekisoma anabahatisha.

Kwanza, barua. Namba iliyo katika barua ya ruhusa na namba iliyo katika chuma ziwe moja. Zisipolingana, rudi ulikotoka kabla hujalipa.

Pili, ifungue. Hakikisha ni tupu, uingize na kidole, maana jicho linadanganya. Mtutu mpya hutoka kiwandani na mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yaondoe kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, sukuma kitambaa kwa fimbo laini kutoka nyuma kwenda mbele, mara nyingi, hata kitoke kikavu na cheupe. Kisha elekeza mtutu kwenye mwanga. Ukiona duara moja safi ndani ya duara, vema. Ukiona kivuli, kibonyeo, au doa linalokataa kutoka, usipige, mpelekee fundi. Halafu mafuta kidogo sana ya cherehani, tone moja kwenye bawaba. Najua kila nyumba hapa ina mawese, lakini mawese yaache kwenye sombe. Katika bunduki yanaganda, yanashika vumbi, na siku moja pini inakwama.

Sasa jambo la risasi, na hapa nawaomba mtulie. Tazama chini ya mtutu mahali unapoingia katika ubao: utaona alama 12-70, au 12-65 katika bunduki za zamani. Nyingi za zamani zilitoka Liège, Ubelgiji, mji ulio na nyumba ya kujaribia mitutu tangu 1672. Namba ya pili ni urefu wa chumba cha risasi kwa milimita. Risasi ya 70 itaingia katika chumba cha 65, na bunduki itafungika bila kelele. Udanganyifu ndio huo: urefu unapimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Mdomo wa ganda ukikosa nafasi ya kufunguka, nguvu yote inasongwa karibu na uso wako.

Tena usiweke risasi za kalibre 20 katika mfuko mmoja na za 12. Viwanda vingi huzitia za 20 rangi ya njano, na sababu yake ni hii: ya 20 ikiingia katika mtutu wa 12 inateleza mbele na kukwama. Mtu anadhani hakuweka kitu, anaweka ya 12 nyuma yake, anapiga. Risasi iliyovimba kwa unyevu nayo itupe mbali na watoto. Usiianike juani wala karibu na moto.

Wapi tutaijaribu? Hatuna uwanja wa shabaha kama wa askari. Tafuta kichuguu kikubwa, kile kinachopita kimo cha watu wawili, na nyuma yake pawe na mlima. Usielekee bondeni, maana siku hizi kila kijito kina wachimbaji, wameinama majini, huwaoni. Chembe ya milimita 3 inaweza kufika mita 300. Chembe nene za mnyama mkubwa zinakwenda mbali zaidi. Siku moja kabla, mwambie kapita, polisi na majirani. Nchi hii imeona vita tangu 1996. Mlio usiotangazwa unawatoa akina mama na watoto mbio porini, na mara nyingine unawaita wenye silaha.

Nenda asubuhi na mtu mmoja mzima. Mtoto abaki nyumbani. Tundika gunia la zamani mbele ya kichuguu, weka alama ya makaa katikati, simama hatua 30. Weka risasi moja tu. Kitako kikazwe begani kabisa, la sivyo kitakupiga shavu. Piga, kisha nenda uhesabu matundu: je, yako katikati, au bunduki yako inapeleka kushoto? Piga tatu, si zaidi. Risasi ni fedha.

Ikikataa kulia, usiifungue upesi. Iache imeelekea kichuguu, hesabu polepole mpaka 60, ndipo ufungue. Ikilia kwa sauti dhaifu, simama hapo hapo, fungua, utazame ndani. Pengine kizibo kimebaki katika mtutu, na risasi ya pili ndiyo itakayopasua.

Ukirudi, safisha siku ile ile, kisha ziba mdomo kwa kitambaa cha rangi nyekundu ili usisahau kukitoa. Bunduki chumba kimoja, risasi chumba kingine. Na soko, yule sokomutu, hata akila migomba yako, usimpige, sheria inamlinda. Mpigie debe tu.

Wenye bunduki wabaki baada ya mkutano. Zileteni zikiwa zimefunguliwa na tupu, tutazame mitutu mmoja mmoja mpaka jua lishuke.