KUTUNZA CHOMBO NI KUTUNZA BEI YA MWANI

Hotuba ya Katibu wa Muungano mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi



Wasemaji walionitangulia wamezieleza vema kazi za miaka kumi hii: ghala, mizani, na mashua yetu ya mashine inayochukua mwani mkavu kutoka hapa Pemba hadi Unguja. Mimi nimepewa fungu lisilopigwa picha katika kitabu cha leo, kwa kuwa li chini ya maji. Nitasema juu ya uchafu unaoota katika tumbo la mashua hiyo, na njia ya kuuondoa.

Huenda mama aliyeketi pale akajiuliza: mimi mkulima, na uchafu wa chombo, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Kila gunia linapopakiwa, gharama ya safari hukatwa katika bei yake kabla fedha hazijamfikia mwenye gunia. Mashua nzito huenda polepole, na mashine yake hunywa mafuta zaidi kwa safari ile ile na shehena ile ile. Basi uchafu ule haulipiwi na nahodha wala na Katibu. Unalipiwa na yule aliyeinama majini tangu maji yalipokupwa, akifunga mbegu moja moja katika kamba.

Tena, ndugu zangu, hakuna watu wanaoweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko ninyi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, kila mkulima amejifunza kwamba kamba isiyotikiswa na kusafishwa huvamiwa na majani ya kigeni, na mwani wake hudhoofika. Bahari haiachi kitu kikae kitupu. Chochote kilichotulia ndani yake, iwe kamba, mti, jiwe au mbao, hupata wapangaji.

Na wapangaji hao huingia kwa zamu. Chombo safi kikishushwa majini, katika saa chache tu mbao zake hupata utando mwembamba, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hujishika humo na kuufanya uwe utelezi. Utelezi huo peke yake huanza kukipunguzia chombo mwendo. Baada yake huja mbegu ndogo mno za mwani wa porini, zikaota kama ndevu za kijani, hasa karibu na mstari wa maji, penye jua. Kisha huja wale viumbe wa magamba meupe, mfano wa vijilima vyenye tundu juu, ambao wengi wetu wametukata nyayo tulipokuwa tukipita miambani. Mtoto wa kiumbe huyo huogelea huru; lakini akishachagua mahali, hujigandisha kwa gundi yake kuanzia kichwani, akajenga nyumba ya chokaa, wala hahami tena mpaka afe.

Hapa ndipo penye maana ya maneno yangu yote. Utelezi huondoka kwa kitambaa. Majani huondoka kwa makumbi ya nazi. Magamba huhitaji chuma na nguvu za watu wengi, na mara nyingi huacha jeraha katika mbao. Uchafu ni ule ule. Kilichoongezeka ni siku tulizousubiri. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini yuko adui mwingine aliye mbaya zaidi, naye ni funza wa baharini atoboaye mbao. Huyu huingia akiwa mdogo, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani akila njia yake. Nje ubao waonekana mzima, na ndani umekuwa kama mzinga wa nyuki. Chombo kisichopandishwa pwani hakikaguliwi, na chombo kisichokaguliwa hakimwambii mtu lini kitaanza kuvuja. Siku hiyo hatutahesabu mafuta, ila tutahesabu magunia yaliyolowa, na Mungu atuepushie kuhesabu watu.

Sasa nieleze jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kama mafundi wetu wanavyoijua.

Kwanza, ni kuchagua maji. Mashua hupelekwa ufukoni penye mchanga mgumu wakati maji yamejaa, nayo yakipwa huiacha nchi kavu. Yafaa iingizwe siku moja au mbili kabla ya kilele cha bamvua. Ikiingizwa siku ya kilele chenyewe na kupandishwa mpaka juu kabisa, maji ya siku zifuatazo hayataifikia, nayo italala pale karibu wiki mbili ikingoja bamvua jingine.

Pili, ni kutia magadi ya miti imara pande zote mbili kabla maji hayajaondoka. Mtu asiingie chini ya chombo mpaka fundi ameyajaribu magadi na kusema yameshika, na watoto wakae mbali.

Tatu, ni kusugua kungali na umaji. Utelezi na majani yakiwa mabichi hutoka kwa urahisi. Yakikauka kwa jua hushika kama gundi. Watu waanze mara maji yanapoteremka, wakifuata maji kutoka juu kwenda mkukuni, kwa makumbi ya nazi au brashi ngumu. Magamba yaondolewe kwa kibao kilichochongwa ukingo, au kwa chuma butu, kwa kufuata urefu wa ubao. Anayekwangua kwa kukata viungo vya mbao huing'oa kalafati, akaacha mlango wa maji. Na kile kitako cheupe cha gamba kinachobaki kimeganda nacho kiondolewe, kwani kikiachwa huufanya ubao uendelee kukwaruza maji. Usukani na rafadha visisahauliwe. Rafadha yenye magamba huisumbua mashine nzima.

Nne, ni kukagua. Fundi hupita ubao kwa ubao, akigonga na kusikiliza, akitafuta matundu na viungo vilivyolegea, na palipolegea hutiwa kalafati upya kwa pamba iliyolowa mafuta. Kazi kubwa ya kukausha mbao sawasawa na kupaka upya yafaa ifanywe katika jua la kaskazi, Januari au Februari, kabla ya masika. Wazee wetu walipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, baada ya kupitisha moto mwepesi wa makuti juu ya mbao zisizo na rangi. Siku hizi wengi hutumia rangi za dukani zenye shaba.

Kuhusu rangi hizo yanipasa niseme neno, kwa sababu sisi ni wakulima wa bahari. Shaba ilianza zamani kutumiwa katika kazi hii. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao iitwayo Alarm kwa mabati ya shaba, na uchafu ukapungua, ingawa misumari ya chuma iliyogusana na shaba hiyo ililiwa vibaya. Mwaka 1824 mtaalamu Humphry Davy alibuni njia ya kuizuia shaba isiliwe na maji ya chumvi. Akafaulu kuilinda shaba, lakini uchafu ukarudi kuota juu yake. Fundisho lake ni wazi: shaba huzuia uchafu kwa kuyeyuka kidogo kidogo na kuwa sumu majini.

Baadaye zikaja rangi zenye sumu ya bati, kali kuliko shaba. Huko Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona chaza wao wakiharibika magamba na kushindwa kuzaa ipasavyo, na chanzo kikaonekana kuwa rangi hizo. Mwaka 1982 Ufaransa ilizipiga marufuku kwa vyombo vidogo, na mkataba wa mataifa wa kuzikataza katika vyombo vyote ulianza kutumika mwaka 2008. Wale walikuwa watu kama sisi, wenye mashamba yao majini. Kwa hiyo, rangi kuukuu inapokwanguliwa, itandikwe turubai chini, wafanyao kazi wafunge kitambaa puani na mdomoni, na maganda yakusanywe yakatupwe mbali na pwani. Tusisafishe chombo kwa kulichafua shamba.

Nimekwisha kueleza kazi. Limebaki shauri, nalo ndilo lililoleta maneno mengi katika vikao vya vijijini. Halmashauri imeleta mbele yenu mambo mawili: mashua isafishwe kila mwezi, na sehemu ya nauli ya kila safari itengwe kwa utunzaji wake, isitumiwe kwa jambo jingine lolote.

Wapo wanaosema: mashua ikilala, mwani wetu utalala ghalani, na sisi tunadaiwa karo za watoto. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini tuitazame kalenda ambayo bahari yenyewe imetuandikia. Bamvua ndilo linalofaa kupandisha chombo. Na bamvua hilo hilo ndilo linalowaita ninyi mashambani, maji yanapokupwa mbali. Mwani unaovunwa siku hizo haupakiwi siku hizo. Unahitaji kuanikwa siku mbili tatu, au zaidi mvua zikinyesha. Basi mashua ipandishwe wakati mkulima yu majini, ishuke wakati mwani unakauka, na gunia litakapofungwa chombo kitakuwa tayari na chepesi. Siku tunayodhani tumeipoteza, bahari ilikuwa imekwisha kutupa.

Wengine husema: fedha zikitengwa, nani atazilinda? Nao wana haki ya kuuliza. Ndiyo maana shauri hili linataka daftari la chombo liwekwe wazi ghalani, liandikwe tarehe ya kila usafi, kilichoonwa na fundi, kilichotumika, na lita za mafuta za kila safari kabla na baada. Mwanachama yeyote alifungue apendapo. Asiyesoma asomewe na mwanawe. Lita zikipungua, ataona. Zisipopungua, na atuulize mbele ya mkutano kama huu.

Bandu bandu huisha gogo, walisema wazee. Hivyo ndivyo chombo kinavyokwisha, na hivyo ndivyo bei ya gunia inavyokwisha, bila kishindo. Chama kinachotimiza miaka kumi kimekwisha kuonyesha kwamba chaweza kununua chombo. Kutunza ndiko kunakoulizwa leo, na jibu li mikononi mwenu, mtakapoitwa kuinyanyua.

Bwana Mwenyekiti, naliacha shauri hili mbele ya wanachama.