Jasho la Shavu Wakati wa Kula Si Uchawi



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Isiolo hatujalisikia. Mtu amepasuliwa uvimbe mbele ya sikio, kidonda kimepona. Miezi inapita. Halafu kila akila, shavu la upande ule linapata moto na jasho linamtiririka. Watu wanaanza: "Huyu amelogwa!" Yeye anaona haya. Chai ikiletwa mkutanoni, anatoka nje.

Je, ni nini hiki? Mbele ya sikio kuna tezi kubwa ya mate. Daktari akiipasua, nyuzi ndogo za mishipa ya fahamu zinazoamrisha mate hukatika. Zikiota tena, nyingine hupotea njia, zikashika tezi za jasho za ngozi. Ni kama maji ya mfereji yaliyokusudiwa shamba lako yakaingia kwa jirani. Ukitafuna, badala ya mate linatoka jasho. Daktari wa Poland, Bi. Łucja Frey, alieleza habari hii mwaka 1923, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Hauui, wala hauambukizi. Dawa ya kuzuia jasho, ile ya kwapani, yaweza kusaidia. Ukizidi, daktari bingwa ana sindano yake.

Wengine hupata maumivu makali kwenye taya kwa tonge la kwanza, kisha yanapungua wakiendelea kula. Wengine hufa ganzi ndewe ya sikio. Akina mama, angalieni hereni zisiwaumize bila kujua.

Lakini jambo moja si la kungoja. Mshipa wa fahamu unaochezesha uso hupita katikati ya tezi hiyo. Ukiguswa, jicho laweza kukataa kufunga, na vumbi letu mnalijua! Mgonjwa arudi hospitali upesi, apewe dawa ya matone na kuonyeshwa jinsi ya kulifunga jicho usiku.

Mwenye uvimbe asikimbie kisu kwa sababu ya maneno haya. Uvimbe mwingi wa tezi hii si saratani, lakini mwingine ni saratani, na kwa macho tu huwezi kujua. Aende apimwe, na amuulize daktari mapema juu ya mishipa hiyo.

Nasi tumwite mwenzetu arudi mezani, tumpe kitambaa ajifute, tuendelee kula pamoja.