Jina ni siri, hesabu ni ya wote



Hapa Likasi hatujasahau miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa wakalala stesheni wakingoja treni. Ndiyo sababu mgonjwa akiulizwa jina na asili yake, anaogopa.

Tunawafundisha wauguzi mambo mawili: jina lisitoke kituoni, hesabu itoke upesi. Kipindupindu hufuata maji machafu. Wagonjwa watatu wa avenyu moja, wakiandikwa vituo vitatu tofauti, hawaonyeshi kisima kibaya. Hesabu zikiunganishwa, zoni ya afya inajua pa kutia klori.

Viongozi, muuguzi akiuliza kabila, mwambieni: uliza tunateka maji wapi.