Mpiga Picha na Asilimia 15: Maneno kwa Ndugu wa Afrika Mashariki Mjini Johannesburg

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu Watanzania, Wakenya, Wakongo na wote mliofika, na ninyi vijana mliokumbatia mabegi ya kamera kana kwamba humu ndani nako ni Hillbrow saa nne usiku, nawasalimu.

Nimeombwa niseme juu ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa kila mtu anaiita VAT. Najua Jumamosi kama hii wengine mngekuwa Zoo Lake na maharusi, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kuna neno tumelisikia mpaka masikio yamechoka: wageni hawalipi kodi. Tulilisikia Mei 2008 moto ulipoanzia Alexandra, tukalisikia 2015 na 2019, na watu wa Operation Dudula wamelifanya wimbo. Hebu tujiulize, ni nani katika mji huu ananunua sabuni bila kulipa VAT? Mashine ya dukani haiulizi pasipoti. Mkate wa kahawia na unga wa mahindi viko kwenye kiwango cha sifuri, lakini ukinunua mkate mweupe umeshachangia hazina ya Pretoria. Kodi hii ilianza tarehe 30 Septemba 1991 kwa asilimia 10, ikapanda hadi 14 mwaka 1993, kisha 15 tarehe 1 Aprili 2018. Mwaka 2025 waziri Godongwana alitaka kuiongeza tena. Chama cha DA, ambacho kilikuwa humo humo serikalini, kikaenda mahakamani, na Aprili hiyo hiyo nyongeza ikafutwa kabla haijaanza. Walikuwa wanabishana juu ya nusu asilimia tu! Ni kwa sababu wanajua mzigo huu unambebesha kila mtu, mwenyeji na mgeni, mwenye karatasi na asiye nazo.

Basi tunalipa. Lakini kulipa ukiwa mnunuzi ni jambo moja, na kuikusanya kwa niaba ya serikali ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo mpiga picha anayejitegemea anapoingia mtegoni, maana hana mhasibu, ofisi yake ni sebule, na ankara zake ziko WhatsApp.

Sheria inaangalia mauzo, si faida. Unaweza ukawa umelipa wasaidizi, mafuta na kodi ya nyumba ukabaki mikono mitupu, bado mauzo yako yakakuingiza kwenye VAT. Hadi 2009 kiwango cha kulazimika kujiandikisha kilikuwa randi 300,000 kwa miezi 12 mfululizo. Machi mwaka huo kikapandishwa hadi milioni moja na kikakaa hapo miaka mingi. Waziri hukisogeza kwa bajeti, kwa hiyo usiamini la mtaani, angalia cha mwaka huu kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, SARS. Zingatieni kwamba miezi 12 ni yoyote inayofuatana, si mwaka wa kalenda. Ukivuka una siku 21 za kazi kujiandikisha. Na ile hila ya kugawa biashara moja, nusu jina la mume nusu jina la mke, ili kila mmoja abaki chini ya kiwango, wenzetu wa SARS waliiona zamani. Sheria inawaruhusu kuwahesabu kama mtu mmoja.

Sasa hesabu. Ukishajiandikisha, bei unayomtajia mteja lazima iwe na VAT ndani yake. Ukisema harusi ni randi 23,000, basi 3,000 si zako, zako ni 20,000. Ulikuwa unatoza 20,000 jana na leo umejiandikisha bila kupandisha bei? Umejikata 2,608 na senti kwa mkono wako. Kwa kampuni za Sandton hili si tatizo, wao wanairudisha hiyo VAT kwa SARS. Bibi harusi wa Yeoville hawezi kuirudisha popote. Kwake wewe umepanda bei tu, na jirani yako ambaye hajajiandikisha atamchukua. Ndiyo maana mimi namwambia mtu wa harusi na sherehe za mtaani asikimbilie kujiandikisha kwa hiari kwa sababu tu ameambiwa namba ya VAT inaleta heshima. Lakini mwenye wateja wa makampuni afikirie sana, maana upande wa pili kuna faida. Kamera ya 34,500 ina VAT ya 4,500 ndani, na hiyo unaidai. Hata lenzi kuukuu uliyoinunua kwa mkazi wa hapa asiyejiandikisha, kwa randi 11,500, unaweza kudai 1,500, mradi umeshailipia, fomu imejazwa na kitambulisho cha muuzaji umekitunza. (Faida ya ziada: anayekataa kutoa kitambulisho huenda lenzi si yake.) Gari dogo la kubebea vifaa vyako, hapana, hata ukilijaza stendi za taa mpaka paani. VAT ya gari la abiria hairudi.

Jambo linalowaua wengi ni wakati. Kwa kawaida kodi inadaiwa pale unapotoa ankara au unapopokea malipo, lolote litakalotangulia. Advansi ya harusi ya Aprili ikiingia Novemba, VAT yake ni ya Novemba. Kampuni ikikaa na ankara yako siku 90, SARS hawasubiri siku 90. Ila mtu binafsi, kwa maana ya asiye kampuni, ambaye mauzo yake hayajapita kikomo kilichowekwa, anaweza kuomba ahesabiwe kwa fedha alizopokea tu. Ombeni hilo siku ile ile mnayojiandikisha. Ritani kwa wengi ni kila miezi miwili, na ukichelewa kulipa faini ni asilimia 10 papo hapo, kisha riba.

Mteja akiwa nje ya nchi? Hoteli ya Zanzibar ikikutumia picha zake uzisafishe hapa Johannesburg, wenyewe hawapo, hiyo ni sifuri, ukiwa na karatasi za kuthibitisha. Lakini maharusi waliotoka Nairobi kuja kufunga ndoa hapa, ukawapiga picha wamesimama mbele yako, ni 15.

La mwisho ni zito kuliko yote. Nimeona ankara zenye mstari wa "VAT 15%" kutoka kwa watu ambao hawana namba. Ndugu zangu, huo ni wizi na ni kosa la jinai. Mteja anaweza kuingia kwenye tovuti ya SARS akatafuta jina lako kwa dakika moja. Wapiga picha wa Joubert Park wamefanya kazi pale miongo mingi bila kumwandikia mtu kodi ya uongo. Na kwa mgeni hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenyeji akishikwa ni yeye amekosa, wewe ukishikwa ni "wao". Wala asidanganyike mtu kwamba akilipa vizuri atapata makaratasi. Namba ya VAT si kibali cha kuishi. Tunza rekodi zako miaka mitano hata kama unafikiria kurudi nyumbani mwakani.

Mwenyekiti, naishia hapa tuingie kwenye maswali. Waliokuja na ankara zao wakae upande huu wa dirishani, tuzipitie moja moja.