"Kubali Yaishe": Onyo kwa Wenye Watoto Marekani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Wengi wetu tunao watoto na jamaa walio Marekani kwa masomo na kazi. Mmoja wao akipatwa na mashtaka, hupiga simu nyumbani, nasi huchanga fedha na kumshauri kama ilivyo desturi yetu katika ugomvi wa jirani: "Kubali yaishe." Leo twapenda kuwaonya ya kuwa kwa mgeni aliye Marekani, akikubali, huenda ndipo yaanzapo.

Mgeni huyo ana mashauri mawili. La kwanza ni la jinai. La pili ni la uhamiaji, lenye sheria na mahakama zake. Hakimu aweza kumwachilia, kisha maofisa wa uhamiaji wakamshika kwa kosa lile lile alilolikiri. Sheria ya 1996 ilikaza mambo: kosa la wizi au la jeuri lililohukumiwa kifungo cha mwaka 1 huweza kumfukuzisha hata mwenye hati ya ukaazi wa daima, ijapokuwa kifungo chenyewe kiliahirishwa asilale gerezani.

Tutazame shauri la José Padilla, mzaliwa wa Honduras. Alikuwa amekaa Marekani kwa halali zaidi ya miaka 40, na kuipigania katika vita vya Vietnam. Aliposhtakiwa Kentucky kwa kusafirisha bangi, wakili wake alimwambia asihofu, kwani amekaa siku nyingi. Akakiri, kumbe kukiri kule kulimweka katika hatari ya kufukuzwa. Tarehe 31 Machi 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba wakili hana budi kumweleza mgeni hatari hiyo kabla hajakiri.

Hatuwafundishi watoto kukwepa sheria. Kosa ni kosa. Lakini twawausia mambo matatu. Kwanza, asikiri lolote kabla ya kumwuliza wakili habari za uhamiaji. Pili, michango yetu itumike mapema, kwa maana katika mahakama ya uhamiaji Serikali haina wajibu wa kumlipia wakili. Tatu, aliyekwisha hukumiwa asitoke Marekani, hata kwa mazishi, kabla ya kuuliza, asije akazuiwa mlangoni akirejea.

Basi, simu ikilia usiku, neno letu la kwanza lisiwe "Kubali," bali liwe "Umemwuliza wakili?"