Pumzi Iliyo Ndani ya Kibuyu



Huko Japani, tangu mwaka 2007, yuko mwimbaji aitwaye Hatsune Miku. Husemwa ni binti wa miaka 16, lakini hakuzaliwa: ni picha ya kompyuta, na wanamuziki walio hai humpigia vyombo jukwaani. Mabenchi ya kwaya yetu yamepungua watu, na vijana wametuuliza: “Baba, mashine ikiimba hivi, sisi tufanye mazoezi ya nini?”

Tutazame kwetu. Katika ngoma ya mganda, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, vijana huimbia ndani ya vibuyu vyenye utando wa buibui. Kibuyu hulia, lakini pumzi ni ya kijana. Hata sauti ya Miku iliazimwa kutoka kwa mwanamke aliye hai, Saki Fujita.

Basi tusiilaani kazi ya mikono ya watu, wala tusiisujudie. Miku hachoki, lakini hawezi kutubu, kushukuru, wala kulia pamoja na wafiwa wa Mbamba Bay. Ninyi mwaweza. Pumzi yenu, chatufundisha kitabu cha Mwanzo, yatoka kwa Mungu mwenyewe. Mrudishieni kwa wimbo, hata sauti ikikwaruza. Amina.